Namba Chini ya Blanketi

Mwalimu Alfayo Machogu hakuwa mwalimu kwa maana ambayo serikali iliijua. Cheti hakuwa nacho. Alikuwa na suruali moja ya kaki, koti la marehemu baba yake lililomfika karibu na magoti, na mwandiko mzuri ubaoni, basi. Shule yetu ya harambee, kilimani juu ya soko la Kebirigo, haikuwa na nafasi ya kuchagua. Wenye vyeti walichukuliwa na shule za serikali, sisi tukaachiwa Alfayo. Leo mimi ni mama mzima mwenye cherehani yangu sokoni, nimewaona walimu wenye vyeti wakija na kuondoka, na sijaona mwingine kama yule.

Mwaka ulikuwa 1971, nasi tulikuwa kidato cha pili. Mwisho wa mwaka kulikuwa na mtihani wa serikali. Aliyefaulu vizuri aliingia kidato cha tatu katika shule ya maana. Aliyeanguka, kama ni msichana, alirudi kuchuma majani chai ya baba yake mpaka aolewe akachume ya mumewe. Njia ya tatu haikuwepo. Hesabu ilikuwa lazima, na ndani ya hesabu kulikuwa na aljebra, na aljebra ndiyo iliyowamaliza waliotutangulia. Walikuwa wakitoka kwenye chumba cha mtihani wamekunja uso kama waliotoka kung'olewa jino.

Alfayo mwenyewe alikuwa amemalizwa nayo. Kwao kulikuwa upande wa Nyamache, na huko shuleni mwalimu wake aliandika x ubaoni akasema x ni sita. Siku iliyofuata akaandika x nyingine, akasema ni kumi na moja. Alfayo akanyoosha mkono akauliza, jana si ulisema ni sita? Alichapwa, eti ana kiburi. Akauliza tena juma lililofuata, akachapwa tena, na tangu hapo akafunga mdomo. Alipofanya mtihani wa kuingia chuo cha ualimu alipita masomo yote isipokuwa hesabu. Alirudia, akaanguka tena, wakamwambia asijisumbue.

Akaenda kubeba magunia katika duka moja mjini Kisii. Huko ndiko alikofunguliwa macho na karatasi ya gazeti iliyofungiwa sukari. Kwenye gazeti palikuwa na fumbo: jumla ya kawaida kabisa, ila mahali pa namba waliweka herufi, na msomaji akatakiwa kutafuta kila herufi imeficha namba gani. Alihangaika nalo siku kadhaa, amekaa juu ya magunia, kipande cha mkaa mkononi. Alipolifumbua alilia. Alituambia hivyo bila haya, mbele ya darasa zima. Alilia kwa sababu aligundua kwamba x haikuwa imemdanganya. Kila fumbo lina x yake, na ndani ya fumbo lake haibadiliki. Kumbe swali lake lilikuwa swali zuri, na hakuna mtu aliyemjibu.

Ndiyo maana alipokuja kwetu alikuwa na haja moja tu, na hakuificha.

"Nataka mmoja wenu apite pale nilipokwama," alituambia siku ya kwanza. "Mmoja tu. Nikimpata huyo, hata wakinirudisha kubeba magunia nitabeba nikiimba."

Hakutaja aljebra. Aliandika ubaoni A jumlisha A jumlisha A, chini yake BA, akatuambia kila herufi ni namba iliyojifunika blanketi.

"Msiogope blanketi," alisema. "Angalieni miguu iliyotokeza nje."

Tulimwona kama mtu aliyepungukiwa kidogo. Halafu mtu mmoja akajaribu, mwingine akajaribu, na Mokeira, msichana mrefu mkimya wa dawati la mbele, akasema polepole kwamba A ni tano na B ni moja, kwa kuwa tano tatu ni kumi na tano. Alfayo alipiga makofi, akamgeukia kila mmoja wetu kama aliyepewa zawadi.

Baadaye akaandika KAKA jumlisha DADA, jibu BABA. Darasa lilicheka. Tukashindana kubahatisha namba mpaka Mokeira akasimama.

"Mwalimu, A ukijumlisha na A inarudi A ile ile. Hakuna namba inayofanya hivyo ila sifuri."

"Na K, na D, na B?"

Akafikiri. "Hizo siwezi kuzijua. Ninachojua ni kwamba K na D zikikutana zinakuwa B."

Alfayo aliweka chaki chini. Akafuta zile A zote, ikabaki K jumlisha D sawasawa na B. Akasema hii ndiyo aljebra, mmekuwa ndani ya nyumba tangu asubuhi na mlikuwa mnaogopa mlango. Sijasahau jinsi kifua changu kilivyopanuka. Mimi sikuwa na akili ya Mokeira, lakini siku hiyo nilielewa, na nilijiona mtu. Kuanzia hapo tulikuwa tukiandika mafumbo kwenye majani ya migomba kwa kijiti tukienda kuteka maji. Mokeira alikuwa akiyafumbua huku amebeba mtungi kichwani.

Mokeira ndiye aliyekuwa yule mmoja. Kila mtu alijua, na Alfayo alijua kuliko wote. Alimpa maswali ya vitabu vya kidato cha tatu akayameza. Baba yake, Mzee Josiah Ondieki, alikuwa mzee wa kanisa la Wasabato na mwenyekiti wa kamati ya shule, mtu mwenye sauti nene na viatu vinavyong'aa. Alimpenda bintiye. Aliwaambia watu sokoni kwamba Mokeira atakuwa sista wa hospitali, na akisema hivyo alikuwa akisahau kutazama pembeni kuona nani amesikia.

Sasa kuna mambo mawili ambayo mtu asiye wa kwetu hawezi kuyajua. La kwanza, mwaka huo upepo na mvua ya mawe viling'oa mabati ya kanisa letu, na kila Sabato tulikuwa tukisali darasani kwetu, mhubiri akisimama mbele ya ubao ule ule wa Alfayo. La pili, mwezi wa nane tulikuwa makambini. Makambi ni juma zima la mahubiri uwanjani, watu wamehamia na sufuria na mikeka, na mwaka huo alikuja mhubiri mgeni mwenye chati kubwa za kitambaa. Kwenye chati moja alionyesha jinsi herufi za jina zinavyoweza kuhesabiwa, kila herufi na thamani yake, ukazijumlisha ukapata ile hesabu ya mnyama wa kitabu cha Ufunuo, mia sita sitini na sita. Alieleza kwamba chapa yake itawekwa mkononi au kwenye paji la uso. Hakuwa amesema neno moja juu ya shule. Lakini wazee walirudi nyumbani na macho mapya, wakitafuta herufi zinazogeuka namba, na namba yenyewe.

Wiki chache baadaye, siku ya Ijumaa, Alfayo alitupa fumbo lake zuri kuliko yote. Alichukua zile zile K, D na B akaziandika kwa zamu: KDB, chini yake DBK, chini yake BKD. Jibu ni namba moja iliyorudiwa mara tatu. Alitaka tugundue kwamba namba yoyote utakayoanza nayo, ukizungusha hivyo, jibu ni mia moja na kumi na moja mara jumla ya hizo tatu. Hilo ndilo lilikuwa somo. Alimwita Mokeira ubaoni ajaribu kwa namba zozote ndogo.

Mokeira akaanza na ndogo kabisa, kama mtoto yeyote angeanza. K moja, D mbili, B tatu. Mia moja ishirini na tatu, mia mbili thelathini na moja, mia tatu kumi na mbili. Akajumlisha, akapiga mistari miwili chini ya jibu, na jibu lilikuwa mia sita sitini na sita.

Hakuna aliyeshtuka. Tulikuwa tunatafuta somo, si mnyama. Kengele ililia, na kwa kuwa Ijumaa ni siku ya maandalio na jua halikungojei, tulikimbia nyumbani kupika na kuoga kabla Sabato haijaingia. Alfayo alitaka tuendelee nalo tukirudi, akaandika pembeni kwa mwandiko wake mzuri: Usifute.

Kesho yake asubuhi waumini waliingia, wakakaa, wakainua macho.

Nilikuwepo. Wimbo wa kufungulia ulianza kwa sauti za watu wengi na ukaishia kwa sauti ya bibi mmoja asiyeona vizuri. Mzee Josiah alikuwa amesimama mbele, hakuelewa kwa nini watu wanamtazama hivyo, mpaka alipogeuka. Herufi zimegeuka namba. Namba yenyewe ipo, imepigiwa mistari miwili. Na pembeni amri ya kutoifuta.

Wangeifuta tu, unasema. Lakini kwa nini mtu afute kwa mkono wake? Shemasi mmoja alishika kitambaa, akakirudisha mahali pake, kwa kuwa vumbi la chaki lingemshika kiganjani, naye alikuwa ameelezwa makambini kuhusu kiganja. Mwingine akauliza kama kufuta ubao si kuvunja Sabato. Walisimama pale wanaume wazima, wenye ng'ombe na mashamba, wakiogopa chaki. Mwishowe Bonareri, mkewe Alfayo, ambaye mwandiko ule aliujua kuliko wote, alivua leso yake mabegani, akaenda mbele peke yake, akaitundika juu ya ubao. Alirudi kitini ameinamisha uso. Alfayo alikuwa nje, upande wa kivuli, akiwafundisha watoto wadogo Shule ya Sabato. Alipoingia nao alikuta leso ya mkewe imetundikwa mbele ya kanisa, na hakuna aliyemsogezea nafasi ya kukaa.

Jumapili kamati iliita wazazi wote. Tulisikiliza madirishani, maana madirisha yetu hayakuwa na vioo. Mwalimu mkuu alikuwepo, lakini siku hiyo alishikwa na kikohozi kirefu ambacho hakikumruhusu kusema neno. Waliongea Kikisii, nami nayaandika kwa Kiswahili kama ninavyoweza, ila neno tata, yaani baba, nimeliacha.

"Mwalimu," alisema Mzee Josiah, "herufi zinageuzwaje kuwa namba?"

"Tata, hazigeuzwi. Zinasimama mahali pake."

"Mahali pa nani?"

"Pa namba yoyote ile."

"Na hiyo yoyote, mbona ikawa ile?"

Alfayo alikuwa mtulivu. Kosa lake ndilo hilo, aliamini kwamba mtu akionyeshwa ataona. Alifikiri wazee ni kama sisi. Aliondoa leso, akaandika zile herufi upya mahali palipobaki wazi, akampa Mzee Josiah heshima ya kuchagua.

"Mtoto alianza na ndogo, ndiyo sababu ikatoka hiyo. Ukichagua nyingine itatoka nyingine. Chagua wewe, tata. Namba tatu, ndogondogo."

Mzee Josiah alitia mikono mifukoni. Hakutaka hata kuzitamka. Kisha akasema mbili, tatu na nne.

Alfayo akaandika haraka. Mia mbili thelathini na nne, mia tatu arobaini na mbili, mia nne ishirini na tatu. Akajumlisha kwa sauti, akaandika jibu kwa tarakimu kubwa za kiburi, akasogea pembeni ili waone. Mia tisa tisini na tisa.

Bibi Gesare, ambaye hakuwahi kukaa darasani, aliitazama. Akainamisha kichwa upande, akazidi kukiinamisha mpaka sikio likagusa bega.

"Ni ile ile," alisema. "Imesimama kwa kichwa."

Nikiwa dirishani nilitaka kucheka na nilitaka kulia, vyote kwa pamoja. Wote wakainamisha vichwa kama yeye, na wote wakaiona. Alfayo alianza kuandika nyingine, moja, mbili na nne, ikatoka mia saba sabini na saba, namba nzuri kabisa kwa Msabato, lakini hakuna aliyekuwa akitazama tena.

Akasimama Mzee Ombui, Mkatoliki mwenye duka sokoni, ambaye watoto wake wawili walikuwa nasi. Nikadhani sasa atapata mtetezi.

"Mimi naona vizuri," alisema Mzee Ombui. "K ni Katoliki. B ni Baba Mtakatifu. D sijui, lakini hizo mbili zinatosha. Sikuleta watoto hapa wafundishwe kutukana Papa kwa hesabu."

Alfayo akajaribu kueleza habari ya kaka, dada na baba. Tangu nizaliwe sijawahi kuona Wasabato na Wakatoliki wa kwetu wakikubaliana juu ya jambo, lakini siku ile walikubaliana kabla chai haijaiva.

Nilimchukia Mzee Josiah miaka mingi, na bado moto haujazimika wote. Lakini hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Angekuwa mbaya ningempigia hesabu nikamaliza. Aliogopa. Aliambiwa na watu kwamba mkono ulioandika ile namba ni mkono wa kulia wa binti yake, na usiku huo, Mokeira aliniambia, alimwogesha mkono kwa maji ya moto na sabuni ya kufulia, kama mtoto mchanga, naye mzee akilia.

Kamati haikumfukuza Alfayo, kwa sababu hakukuwa na mwingine. Ilimwekea masharti. Ataungama mbele ya kanisa. Atafundisha hesabu za namba, na herufi ataziacha kwa mwalimu wa Kiingereza. Akiandika herufi moja katika somo la hesabu, safari yake imekwisha.

Aliungama. Alisimama mbele ya ubao uliosuguliwa kwa majivu, akasema amekosa kwa kutojua. Nilimkasirikia sana. Nilimfuata nje nikamwuliza kwa nini amekubali uongo.

"Drusilla," aliniambia, "mtihani uko karibu. Nikiondoka, Mokeira atabaki na nani?"

Baada yake alisimama Mokeira. Baba yake alimwambia ainue mkono wa kulia. Akaahidi mbele za Mungu na mbele yetu kwamba mkono ule hautaandika tena herufi mahali pa namba. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini kila mtu alisikia. Alfayo alikuwa amekaa mstari wa tatu, naye alisikia, lakini nadhani aliichukua kama alivyouchukua uungamo wake mwenyewe, maneno ya kutuliza watu.

Kwa muda uliobaki alitufundisha aljebra bila herufi. Alichora visanduku vitupu. Kisanduku jumlisha nne ni tisa, kisanduku kina nini? Kukiwa na namba mbili zisizojulikana alichora kisanduku na duara. Alikonda mwezi ule. Siku ya mwisho, mlango ukiwa umefungwa, alituambia kwa sauti ya chini, "Vile visanduku mtavikuta vimevaa nguo nyingine. Msishtuke. Mtavijua." Alimtazama Mokeira, na Mokeira akatazama dawati. Mimi nikadhani ni haya, naye mwalimu akadhani ni kuelewa.

Mtihani tuliufanyia Nyamira, katika ukumbi wa shule nyingine. Alfayo alitembea nasi, na tulipoingia alibaki nje ya ua na kikapu cha ndizi za kuchemsha alizotupikia Bonareri. Nilipofungua karatasi ya hesabu niliviona visanduku vyake vyote, vimevaa x na y, nikatabasamu peke yangu. Nilijibu nilivyoweza, nikakosa nilivyokosa. Mokeira alikuwa mbele yangu. Niliona kalamu yake ikikimbia, kisha inasimama. Inakimbia, inasimama. Mara nyingine alikuwa akikaa tu na mikono mapajani, midomo inacheza.

Tulipotoka Alfayo alimwendea moja kwa moja, uso umejaa furaha ya mtu anayekwenda kupokea mgeni.

"Vipi?"

"Mwalimu, nimeziruka."

"Zipi?"

"Zile za herufi. Zote."

Alfayo akatazama chini, akamtazama tena. "Zilikushinda?"

"Hazikunishinda. Nilizijibu kichwani." Akainua mkono wake wa kulia kidogo, kama anayeonyesha kidonda. "Huu nilimwinulia Mungu. Ningeandikaje?"

Nilingoja Alfayo amkemee. Nilitaka amkemee, nilitaka amtikise mabega, nilitaka mtu mmoja tu duniani apige kelele. Aliutazama ule mkono muda mrefu. Kisha akautia ndizi, akamwambia ale, njia ni ndefu. Tulirudi Kebirigo, naye akitembea nyuma yetu, koti la baba yake likimpigapiga miguuni.

Hakuna aliyeingia kidato cha tatu mwaka ule. Matokeo yalipofika, kamati ile ile ilikaa ikaona kwamba mwalimu wa hesabu ameshindwa kazi, ikamwachisha. Mzee Josiah alisoma barua kwa sauti yake nene na sidhani aliona kitu chochote cha ajabu. Mokeira aliozwa baada ya mavuno, kwa watu wazuri wenye shamba kubwa la chai. Hospitali haikutajwa tena sokoni.

Alfayo hakurudi kubeba magunia. Alipata kazi katika kituo cha kupimia majani chai, chini kidogo ya barabara. Kazi yake ilikuwa kutundika vikapu kwenye mzani, kusoma kilo na kuandika. Kila mkulima ana namba yake aliyopewa, na karani hamwiti mtu kwa jina, anamwita kwa namba. Nilimwona Mzee Josiah akiitwa kwa namba, akaitika, akasogeza kikapu chake, akaridhika. Alfayo hakutabasamu hata kidogo. Nilimwuliza siku moja kama bado anatunga mafumbo, nikidhani nitamfurahisha. Alisema hapana, hapati wakati. Alikuwa amekaa bure tangu asubuhi, mvua imezuia watu kuchuma.

Miaka ikapita hivyo, yeye kwenye mzani, sisi kwenye foleni. Mwaka wa 1978, mwezi wa majani mengi, nilikuwa nimesimama nyuma ya Mokeira. Alikuwa na mtoto mgongoni na mwingine tumboni, vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu wa chai kama vya sisi sote. Miaka yote hiyo alikuwa akimsalimu Alfayo kwa adabu, anapimiwa, anaondoka. Siku ile kikapu chake kilitundikwa, mshale ukatikisika ukatulia, Alfayo akainama kuandika.

"Mwalimu," alisema Mokeira, taratibu, kama anayeendelea na mazungumzo ya jana. "Ile ya mwisho, x ilikuwa saba."

Penseli ya Alfayo ilisimama. Hakuinua kichwa. Niliona masikio yake, niliona nywele zimeanza kuwa na mvi juu ya kola ya koti lile lile, nikawa nangoja.

"Najua," alisema. "Na y?"

"Tatu."

Akaitikia kwa kichwa. Akamalizia kuandika kilo zake, akaushusha ule mzigo mwenyewe, kazi ambayo haikuwa yake. Mokeira akaweka sawa leso ya mtoto, akashika njia ya kwao. Alfayo alimtazama mpaka kwenye kona ya migomba, kisha akageuka akaita namba iliyofuata, nayo ilikuwa yangu, nikasogeza kikapu.